Ulimi Mmoja Uliobaki kwenye Marimba ya Babu Yako

S.L.P. 118,
Mpwapwa.
16 Juni 2024

Mpendwa mpwa wangu Elieth,

Mbukwenyi! Nawasalimu kikwetu hapo nyumbani kwenu, wewe na Octavian na huyo mgeni wetu mdogo, Seth. Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, marahaba sana. Miguu imeacha kuvimba? Mtoto ananyonya vizuri? Huko Ujerumani mnasema sasa ni majira ya joto, lakini nakujua, najua bado unavaa soksi.

Sisi huku ni wazima. Magoti yangu hulalamika asubuhi kwa baridi hii ya Juni, jua likipanda yananyamaza. Mke wangu Yudith hajambo, anakusalimu, na anauliza kama ule mlenda mkavu aliokutumia ulifika au umeliwa na watu wa uwanja wa ndege.

Uwele umekubali mwaka huu. Mama yako amejaza ghala mpaka mlango haufungiki vizuri, na kila anayepita pale kijijini anaonyeshwa mlango huo kabla hajapewa kiti.

Uliniuliza ninasoma nini siku hizi. Nasoma vilevile, kidogo kidogo, nimekaa barazani mpaka jua linifukuze. Kitabu ninachokirudia zaidi ni daftari langu la nyimbo za baba, babu yako Filipo. Unalijua, lile lenye jalada gumu. Tangu nilipostaafu ualimu nimeandika humo nyimbo sitini na tatu: maneno yake, maana yake kwa Kiswahili, na wakati zilipoimbwa. Nilikuwa nikilifunga daftari lile najiona nimemhifadhi baba yangu mzima mzima.

Basi ulipoomba nikurekodie wimbo aliokuwa akiwabembelezea nyinyi wajukuu, ili Seth naye alale nao, nilifurahi mno. Marimba yake ninayo mimi. Nikajiambia, kitu kinachokwenda Ulaya kiende kimenyooka. Hapo ndipo nilipokosea, na nitakueleza kosa lenyewe taratibu, maana wewe muuguzi unaelewa mambo yakianzia mwanzo.

Marimba ya kwetu, kama unavyokumbuka, ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma. Ukiuvuta ulimi ukawa mrefu, sauti inashuka. Ukiusukuma ndani ukawa mfupi, inapanda. Hakuna skrubu wala alama. Ulimi unakaa pale ulipobanwa, na aliyeubana ndiye anayejua kwa nini. Mimi nikaisikiliza ya baba nikaona sauti kadhaa haziko juu wala chini, zimekaa katikati. Nikadhani ni uzee wa chuma. Nikaibeba hadi kanisani, nikaomba kinanda, nikagonga ulimi mmoja mmoja kwa nyundo ndogo mpaka kila mmoja ukakubaliana na do, re, mi. Siku mbili nzima, Elieth. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa cheti.

Nilipopiga wimbo wako, haukuwa wimbo wako. Ulikuwa safi, na haukuwa na mtu ndani yake. Nikafungua daftari. Ukurasa wa kumi na tisa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: “Hupigwa polepole, una huzuni kidogo.” Ndiyo hayo tu. Mzee Batholomeo aliyekuwa akipiga pamoja na baba tulimzika mwaka juzi. Sikuwa na mtu wa kumwuliza baba alibana wapi. Kwa siku nne sikumwambia hata Yudith. Chakula kilinishinda, naye akadhani ni malaria.

Siku ya tano mama yako akashuka kwenye basi na kiroba cha uwele mpya. Alinikuta barazani najaribu tena. Akasimama na kiroba chake kichwani, akasikiliza, hata hajaniamkia.

“Kaka,” akasema, “marimba ya baba umeipeleka shule?”

Nikamjibu nimeirekebisha kidogo tu.

“Ndiyo maana inaongea kama mwalimu.”

Alicheka. Mimi sikuweza kucheka, na hapo akaelewa. Akatua kiroba, akaketi, nikamweleza yote. Nilitegemea anilaumu. Badala yake akaniuliza kama nina jiwe la kusagia.

Nyumba hii husaga mashineni miaka yote. Jiwe la mama yetu lilikuwa nyuma ya jiko, kuku wanalinywea maji. Tukalisugua, tukalianika, asubuhi yake mama yako akapiga magoti mbele yake na uwele wake, akaanza kusaga. Jana yake, akiwa amekaa kitini, alikuwa amejaribu kuuimba wimbo wako, ukatoka kama wa kwaya. Juu ya jiwe, baada ya viganja vichache vya uwele, sauti ikashuka mahali pengine kabisa.

Akanieleza jambo ambalo mimi, mwenye daftari, sikuwahi kulijua, kwa sababu miaka ile nilikuwa bwenini nasoma. Baba hakuzibana ndimi zile kwa kuzikisia. Jioni wanawake wakisaga, alikaa mlangoni akasikiliza mahali sauti zao zinapotua, akazifuata kwa nyundo. Marimba ile ilikuwa nakala ya koo zao. Zile sauti za katikati nilizoziita uzee zilikuwa za mama yangu na za mama yako.

Basi yeye akaimba, mimi nikagonga. Akifika sauti moja anaishikilia, jiwe linaendelea kwenda na kurudi, nami nasukuma chuma kwa upana wa unywele. Nikizidisha anatikisa kichwa. Nikipatia, anaendelea na inayofuata. Hivyo mpaka saa sita mchana. Dada yangu ambaye hakukaa darasani hata siku moja, kwa kuwa ng'ombe walimhitaji na mimi nikapelekwa shule, alinifundisha siku ile bila kitabu wala kunipandishia sauti. Nimefundisha miaka thelathini na sita. Sijamwona mwalimu mvumilivu kuliko yeye, na nataka ujue umezaliwa na nani.

Mchana tulikula ugali wa unga ule ule, wenye chembe za jiwe kidogo, kwa mlenda wa karanga. Malaria yangu ikapona mezani pale.

Kuna flashi ndogo nimeifunga kwenye karatasi ndani ya bahasha hii. Huo ndio wimbo. Ile sauti ya kukwaruza utakayoisikia chini yake siyo ubovu wa simu, ni mama yako anasaga. Nilitaka kurudia bila jiwe, akakataa.

Utasikia pia pengo. Kila mstari unapofika mwisho, panapotakiwa sauti ndogo ya juu, pana kimya. Sauti ya ulimi mdogo wa pembeni haikupatikana. Nilimwomba mama yako aniimbie, akajaribu, akaacha.

“Huo si wangu,” akaniambia. “Huo alikuwa akiimba Elieth. Alikuwa anapiga magoti hapa kulia kwangu, na baba aliubana upya kwa sauti yake.”

Kumbe ulikuwa na miaka sita, mimi nikifundisha mbali, na umo ndani ya marimba ya babu yako tangu siku hiyo.

Kwa hiyo sijaubana. Umelegea, nimeufunga kwa uzi usipotee, na kinanda hakitausogelea tena. Mweke Seth mapajani, fungulia wimbo, na pengo likifika uimbe wewe. Usitafute sauti nzuri, tafuta ile ya jikoni kwa mama yako. Jirekodi, ututumie. Mama yako amesema hatarudi kijijini mpaka ifike, na nyundo ameificha yeye.

Msalimu sana Octavian. Yudith na mama yako wanakusalimu, na wote wawili wanambusu Seth kwenye utosi. Mungu aliyekuvusha salama kwenye uzazi ailinde nyumba yako, na sauti yako isikauke kwa baridi ya huko.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kujivunia,

Eliakimu