Kahawa Tuliyotafuna Pamoja

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechemsha chai, nimefagia uwanja, nimepiga pasi gauni la kazini. Ndipo nikakumbuka siendi. Siku ya kwanza ya mgomo. Serikali imetukata mishahara sisi watumishi, inasema tufunge mikanda. Wao matumbo yao hayajaona mkanda tangu waapishwe.

Jioni walimu wenzangu wote wamekuja hapa kwangu Kihanga. Mama mkwe akatoa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo. Kila mmoja akachukua punje, akatafuna. Huku kwetu waliotafuna pamoja hawasalitiani. Domina, jirani yangu na rafiki yangu, alikaa ubavuni kwangu. Respicius, katibu wetu, akahutubia kama mgombea ubunge. Nililala na moyo mweupe.

Jumatano, 6 Agosti

Wazazi wametugeuka. Mama mmoja niliyemfundishia watoto wake wote kanikuta sokoni, akasema kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ili yanifike sawasawa: nyinyi mnalilia mshahara wa kila mwezi, sisi tunangoja kahawa iive mwaka mzima. Nimeumia. Mume wangu, mkulima naye, kasema mama huyo hajakosea. Nimempakulia chakula, nikatoka nje.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikukuu ya wakulima. Hata mgomo umepumzika.

Jumatatu, 11 Agosti

Kengele ya shule imelia. Anitha, binti yangu wa darasa la saba, akashika begi. Nikamwambia hakuna mwalimu.

"Mwalimu Domina yupo. Alitutangazia jana kanisani."

Hasira zikanipanda. Domina! Eti mtihani wa taifa uko mlangoni na watoto hawana kosa. Kwani mimi sina uchungu na watoto? Wangu yumo humo humo. Tukirudi mmoja mmoja, nani atatusikiliza?

Lakini Anitha sikumzuia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Namlaani mtu anayemfundisha mwanangu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemkuta Domina kisimani. Akanisalimia. Sikuitika. Nikamwambia mbele za watu kahawa yangu aitapike. Alijitwika ndoo akaondoka. Nilifurahi. Furaha yenyewe haikufika nyumbani.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba yake Domina amefariki, kwao Nyakasimbi. Respicius kapita nyumba kwa nyumba mchana: asiende mwalimu yeyote msibani. Msaliti azike peke yake. Huku hakuna adhabu iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwizi huzikiwa, mchawi huzikiwa.

Nilikubali. Nilikubali upesi sana.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Akachukua panga, akaenda shambani, akarudi na mkungu wa ndizi, akautua mlangoni pangu.

"Ugomvi wenu ni wa mshahara," akasema. "Maiti hana mshahara."

Ijumaa, 15 Agosti

Nimekwenda. Mkungu nyuma ya bodaboda, mimi katikati, vumbi mpaka kwenye meno. Njia nzima najiuliza Respicius atasema nini.

Domina alikuwa amekaa kwenye nyasi na wanawake wa kwao. Nikampa pole. Nikachukua kisu, nikaanza kumenya ndizi. Baada ya muda akaja, naye akachukua kisu. Tulimenya mpaka sufuria la kwanza likajaa. Ndipo akaniuliza, taratibu, mbona siko shuleni.

Nilidhani ananikejeli. Kumbe hapana. Mwalimu mkuu alimpigia asubuhi kumpa pole, akamwambia walimu wote wameripoti isipokuwa mimi. Jana jioni baadhi yao waliitwa wakaambiwa asiyerudi leo ajihesabu hana kazi, wapashane habari. Respicius ndiye aliyefika wa kwanza. Hakuna aliyenipigia simu. Hata mmoja. Nyumba zenyewe zinaonana.

Domina hakunicheka. Alinisogezea beseni la maji nioshe utomvu mikononi. Hapo nikalia, nikalia kwa sauti. Wanawake wakadhani namlilia marehemu, wakanifunika kanga, wakasema mzee alipendwa.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeripoti. Mwalimu mkuu kanipa karipio, nikalipokea. Mshahara umebaki vile vile ulivyokatwa.

Respicius kanivutia kiti ofisini, akaanza kunieleza ilivyokuwa. Nikamwambia asijisumbue, nina vipindi.

Domina bado yuko matangani. Nimeomba darasa lake. La saba wakasimama, wakanisalimia wote, na Anitha kati yao. Tukaendelea na hesabu za sehemu pale Domina alipoishia. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.