Usimsubiri Kituoni

Eibergen, 29 Juni

Mpendwa dada yangu Aleida,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta ukipanda ngazi bila fimbo, kama daktari alivyokuahidi, na kwamba shemeji Leopold amekubali angalau kulala kidogo mchana badala ya kugombana na miti yake ya tufaha. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha karibu wiki nzima, viazi vimependeza, na goti langu la kushoto linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Binti yangu Willemijn anamsalimu shangazi yake. Anasema hajakusahau, ila kazi ya hospitali haimwachii hata nafasi ya kukata kucha.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza kwa mkato, kama ilivyo desturi yako: Nienke anafika kwenu Graz siku gani, kwa treni ipi, na je, usimame jukwaani au mlangoni mwa kituo? Nitakujibu, lakini mwishoni. Unanijua. Mtu aliyefundisha jiografia maisha yake yote hawezi kukupa jibu kabla hajakueleza njia ya kulifikia.

Nianze na mtihani wa Nienke wa kumaliza shule. Mjukuu wetu amefaulu. Bendera iko mlangoni, na begi lake la shule linaning'inia kwenye mlingoti kama ilivyo desturi yetu kwa anayefaulu, limelowa chapachapa. Lakini siku ya matokeo nusura nimuue. Siku hizi shule haibandiki majina ukutani kama enzi zetu. Mwalimu wa darasa hupiga simu nyumbani, na huanza na walioanguka. Saa ya kwanza ni yao. Ikipita kimya, ujue umefaulu. Kwa hiyo familia nzima hukaa jikoni wakiitazama simu na kuiombea iwe bubu. Mimi, ambaye nimewahi kupiga simu hizo mwenyewe nikiwa mwalimu, nilisahau kabisa. Katikati ya saa ile nilikuwa dukani nimesimama mbele ya mifuko ya kulalia, nikapiga kuuliza kama Nienke anataka wa kijani au wa buluu. Willemijn aliniambia kwamba mtoto alikaa chini sakafuni kama gunia. Aliposikia ni mimi, alivuta pumzi, akachukua simu, akasema, "Babu, ungekuwa karibu ningekupiga na kiatu. Wa buluu."

Nyumba ya tatu kutoka kwao, simu ililia kwa haki. Huko ndiko anakoishi Maud, yule rafiki yake mwenye nywele nyekundu. Maud atarudia mwaka, na wazazi wake wakamfutia safari jioni ile ile. Na safari hiyo, Aleida, waliipanga wawili, majira yote ya baridi, kwenye meza yangu, juu ya ramani zangu, wakidondosha makombo ya biskuti juu ya Milima ya Alpi. Praha, Vienna, Graz, Ljubljana, Bologna, Lyon, kisha nyumbani. Mimi niliwafundisha kusoma ratiba za treni na kubeba soksi chache kuliko mtu anavyodhani anazihitaji.

Willemijn alisema Maud haendi, basi safari imekufa, ngojeni mwakani. Nienke akamjibu kwamba pasi ya treni ina jina lake yeye, haina jina la Maud. Mama mtu akamuuliza kama anajua hatari ya msichana kulala peke yake katika hosteli za watu asiowajua. Nienke akasema anaijua, maana amesikia habari zake kila siku tangu Januari, na kwamba mama aliyezunguka Ureno peke yake akiwa na umri huo huo hana uso wa kuuliza. Willemijn akasema Ureno ya wakati ule ilikuwa Ureno nyingine. Hapo nilikohoa ili nisicheke. Lakini ujue kwamba mtoto ana miaka kumi na minane, na sheria iko upande wake. Kilichomzuia ni kwamba hakutaka kuondoka huku mama yake amenuna mlangoni.

Ndipo yeye mwenyewe akatoa wazo la kutupwa. Unakumbuka kutupwa kwetu utotoni: viongozi wa kambi walivyotufunga macho, wakatupakia kwenye gari la maziwa, wakatushusha msituni tujitafutie njia ya kurudi. Wewe ulitembea mbele ukiimba, na mimi nilikuwa nyuma nimeshika mkanda wa koti lako. Watoto wa hapa wanatupwa hivyo mpaka leo, ila kwa vikundi. Nienke alitaka atupwe peke yake, mchana, na begi lake lote la safari mgongoni, bila ramani wala dira. Simu yake ingefungwa ndani ya bahasha na kuzibwa kwa gundi. Akifika nyumbani kabla ya chakula cha jioni na bahasha haijafunguliwa, anakwenda Ulaya peke yake na mama yake atampungia mkono akicheka. Akiifungua, anangoja mwakani, na hatanung'unika. Willemijn alifikiri sana, kisha akakubali. Mimi nikajitolea kuendesha gari.

Jumamosi asubuhi nilimfunga macho kwa taulo la jikoni. Wingu lilikuwa zito, jua halionekani. Nilizunguka kwenye mzunguko wa barabara pale njia ya kwenda Vreden mpaka mimi mwenyewe nikasikia kichefuchefu. Nienke akaniuliza kama gari limekwama au ni babu. Nikamwambia abiria hawazungumzi na dereva. Nilivuka mpaka wa Ujerumani, nikapita Vreden, nikapita na Stadtlohn, nikaingia ule msitu wa misonobari iliyopandwa kwa mistari, ambao kila njia inafanana na nyenzake kama mapacha. Nikamshusha. Nilimpa mkate mweusi na jibini, nikambusu paji la uso, nikamwambia ahesabu mpaka mia kabla ya kufungua taulo. Nikaondoka.

Sikwenda mbali. Nilirudi kwa njia nyingine, nikaliegesha gari nyuma ya rundo la magogo, nikamchungulia. Alikaa chini akala mkate wote kwa utulivu ulioniudhi. Alitazama miti, hakuona kitu. Alitazama mawingu, hakuona kitu. Kisha akaenda kwenye mtaro mmoja mwembamba, akatupa jani ndani yake, akaliangalia linakokwenda. Akasimama, akakaza mikanda ya begi, akalifuata lile jani. Njia ya kando ya mtaro haipitiki kwa gari. Akapotea machoni pangu.

Nilikwenda kumsubiri kwenye daraja la Vreden, nikijua kwamba akiipata barabara atapita hapo. Mvua ikaanza. Nilisimama pale mpaka kofia ikawa nzito. Wakapita waendesha baiskeli, akapita mzee na mbwa wake, akarudi mzee yule yule na mbwa yule yule, akaniuliza kama nahitaji msaada. Nienke hakupita. Nikarudi msituni, nikaita jina lake. Nikarudi darajani. Willemijn alinipigia simu, sikuipokea, kwa sababu ningemwambia nini? Nilielekea nyumbani polepole, nikijaribu maneno ya kumwambia mwanangu, na kila sentensi niliyoianza ilinishinda katikati.

Kisha nikaona viatu mlangoni. Viwili, vimejaa tope mpaka kwenye kamba, vimepangwa sawasawa kama alivyofundishwa tangu utoto. Aleida, niliinama nikavigusa kabla ya kuingia. Ndani kulinukia pankeki na nyama ya mafuta. Nienke alikuwa amekaa na sharubati ya sukari kidevuni, miguu ndani ya beseni la maji moto. Akanitazama nilivyolowa, akasema, "Babu, umechelewa. Tulikuwa karibu kuanza kukutafuta." Bahasha ilikuwa mezani, imelowa, imejikunja, gundi yake haijaguswa. Willemijn alikuwa anageuza pankeki akiwa ametupa mgongo, na nilijua analia kwa furaha, kwa sababu aliunguza mbili mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilipomuuliza Nienke alijuaje njia, alishangaa. Akasema, "Si wewe uliyenifundisha? Maji ya kwetu yote yanatoka Ujerumani. Mtaro unaingia kijitoni, kijito kinaingia mto Berkel, na Berkel unapita nyuma ya nyumba." Mimi na wewe tulijifunza kuogelea katika mto huo, dada. Niliuvuka kwa gari siku ile, nikasimama juu yake pale darajani, na sikuukumbuka. Pale Vreden alipita ng'ambo ya pili, chini ya miti, kukwepa mvua.

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo wawili. Akaniuliza, bila kuniangalia, lile gari la kijivu nyuma ya magogo lilikuwa la nani. Nikasema labda la mkata miti. Akasema mkata miti huyo anapiga chafya kama mimi. Akafuta sahani moja muda mrefu, kisha akauliza, "Na huko mbele, nani mwingine amejificha nyuma ya magogo?"

Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia kwamba mwalimu mwenzangu Havlík atakuwa kituoni Praha, amejifanya anasoma gazeti. Nikamwambia kuhusu mwanafunzi wangu wa zamani kule Bologna. Nikamwambia kuhusu wewe. Nilidhani atacheka. Alisema, "Basi hiyo si safari, babu. Huo ni mzigo wa posta, kila kituo kuna mtu wa kuupokea na kuweka sahihi." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama nimemshinda kwa miguu. Wewe nitakushinda kwa kitu gani?"

Sasa nikuambie jambo ambalo Nienke halijui, wala mama yake. Msitu ule sikuuchagua kwa bahati. Nilitafuta jioni kadhaa mahali ambapo mtu hawezi kutoka. Nilingoja siku ya mawingu. Nilitaka aifungue bahasha, anipigie, nami nitokee baada ya dakika mbili, niwe babu mwema wa kumfariji, na safari ife bila mtu yeyote kuikataza. Nilizipanga treni zake kwa mkono mmoja na kuichimbia kaburi safari yake kwa mwingine. Unajua kwamba tangu baba yake alipoondoka, kila Jumatano mchana nilikuwa getini mwa shule kumchukua. Watoto wengine walitoka wakitazama huku na huku. Yeye alitoka akiwa hatazami, kwa sababu alijua nipo. Nadhani sikuogopa kwamba atapotea. Niliogopa siku atakayotoka asinikute, na isimsumbue. Basi siku hiyo imefika, ilikuwa Jumamosi, na alikuwa anakula pankeki. Nami sijawahi kushukuru kushindwa kama nilivyoshukuru mbele ya viatu vile viwili. Nililala usingizi mzito ambao sijaupata tangu vuli.

Nimeshamwandikia Havlík abaki nyumbani na gazeti lake. Wa Bologna nimemwambia pia, na amekubali, ingawa alikuwa ameshanunua miwani ya jua. Umebaki wewe, na nimekuacha mwisho kwa sababu wewe ndiye mgumu. Jibu la swali lako ni hili: usimsubiri kituoni. Siku sikuambii, na treni sikuambii. Anaondoka wiki ijayo, begi mgongoni na ule mfuko wa kulalia wa buluu juu yake, na sisi tutaagana naye kwenye mlango wa nyumba, si jukwaani.

Jambo moja tu nakudokeza. Jana nilimwona dukani akinunua pipi nyeusi za chumvi, zile kali ambazo katika ukoo huu hakuna mwingine anayezila ila wewe. Aliziingiza chini kabisa ya begi, chini ya soksi, akidhani simwoni. Sikumuuliza, na nakuomba nawe usiniulize.

Mpe Leopold salamu zangu, mwambie miti ya tufaha haikimbii, apumzike. Mbusu paka. Tunza goti lako. Na kengele ya mlango ikilia siku moja mchana, usikimbie, usije ukateleza. Nenda taratibu, fungua, na tafadhali, dada yangu, ushangae.

Mdogo wako akupendaye,
Derk