Pumzi ya Mama Juu ya Mulukhia

Zagazig,
Jumapili, 15 Oktoba 1989

Mpendwa kaka Shawki,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hali yako huko Milano? Na wifi Nadra, kile kikohozi kimemwachia? Sisi hatujambo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini mimi mwenzio sina hali. Mama yu hai. Nakutangulizia hilo ili usiruke mistari kulitafuta.

Ningekupigia simu, ila najua ningelia tu, nawe ungebaki huko unaita haloo, haloo.

Mwanzoni mwa mwezi, siku ya Ijumaa, Mama alipika mulukhia, ule mlenda wetu wa majani, kwa supu ya sungura. Tulikuwa sebuleni tukisubiri, mimi, mume wangu Fathi na mama mdogo Dawlat. Tukasikia ile pumzi yake, ile anayoivuta kwa kishindo kama aliyeona nyoka kila anapomimina samli ya moto yenye saumu na giligilani kwenye sufuria.

Fathi akasema kama kawaida yake, "Haya, mama mkwe kashatuita. Leteni mikate." Mama mdogo naye akadakia, "Leo Inshirah kavuta mpaka pazia limecheza." Tukacheka. Wallahi tulicheka, Shawki.

Hakuna aliyejiuliza mbona samli haikulia kwanza. Unajua mambo ya Mama yalivyo na mpangilio: sufuria inaepuliwa, samli inalia chaa, ndipo inakuja pumzi, kisha mfuniko. Siku ile pumzi ilikuja peke yake. Kilichoninyanyua ni harufu ya saumu kuungua, maana Mama haunguzi saumu.

Nilimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, upawa mkononi, uso umekuwa rangi ya majivu. Kikaango kilikuwa kinafuka moshi. Midomo ilikuwa inacheza, nikainama nimsikie. Kumbe ananiambia nizime moto, mulukhia isije ikachemka majani yakazama.

Fathi alimbeba mgongoni ngazi zote hadi chini, na huyo Fathi unamjua, hata gunia la vitunguu hulilalamikia. Hospitali wakasema ni moyo. Mshipa umeziba, na dawa zitamsogezea siku tu. Anatakiwa apasuliwe Kairo, tena upesi.

Mama hataki. "Nipasuliwe kifua kama sungura wa Ijumaa? Sitaki." Mama mdogo akamwambia, "Inshirah, wewe una kichwa kigumu kuliko marehemu mumeo." Mama akajibu, "Ndiyo maana tuliishi vizuri." Wakacheka wawili, mimi nikaenda kujifungia chooni.

Sasa amerudi nyumbani na amerudi jikoni. Hapo ndipo maisha yangu yalipokwisha, kaka. Akiwa kimya nakwenda kuchungulia. Akikohoa nadondosha nilichoshika. Kengele ya mlango ikilia nafikiri ni majirani wanakuja kuniambia, na hali Mama yuko chumba cha pili anapepeta mchele. Ninaogopa mchana kutwa. Fathi ananiambia nimepungua, nami sina hamu ya chakula chochote chenye samli.

Juzi Ijumaa akataka mulukhia tena. Nilimsihi anipe mimi nimalizie. Akanipa upawa, nikamimina, nikavuta pumzi. Akaniangalia. "Hiyo ni chafya, Ilham. Lete hapa." Bahati nzuri nilikuwa nimemimina nusu tu.

Akashika upawa wenye samli iliyobaki. Nikamwambia, "Mama, leo mimina tu, kwa ajili yangu usivute." Akasema, "Nisipovuta nimepika nini? Maji ya majani?" Akamimina. Samli ikalia, harufu ikapanda. Akafungua kinywa, bega likanyanyuka kidogo.

Halafu hakuvuta.

Alibaki hivyo, kinywa wazi, mkono mwingine umeshika kifua juu ya gauni. Kisha akafunga kinywa, akachukua mfuniko, akaifunika sufuria taratibu kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Hakuniangalia. Siku zote hizi nilidhani haogopi, na kumbe ukaidi wake ndio uliokuwa unanipa nguvu. Nilipomwona anaogopa, nilianza kupanga sahani, nikazihesabu mara mbili.

Mezani majani yalikuwa yamezama chini, maji yanaelea juu. Fathi alikula sahani mbili, akasifu, akaomba ya tatu. Nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Tulipokuwa tunaosha vyombo Mama akaniambia bila kugeuka, "Mwandikie kaka yako. Mwambie nitakubali Kairo, ila nataka awepo mlangoni wakati wananiingiza. Kama hawezi, nitabaki hapa hapa na jiko langu." Nikamwambia anaweza. Nimeahidi kabla ya kukuuliza, Shawki, na nimeshampelekea daktari jibu. Wamempangia tarehe sita Novemba.

Najua kazi yako, na najua likizo yako uliimaliza kiangazi. Sikuombi pesa, wala zawadi, wala usimletee Mama koti. Mimi siwezi kusimama kwenye mlango ule peke yangu, na nikisimama peke yangu Mama atageuka arudi nyumbani. Njoo.

Mama mdogo Dawlat anakusalimu sana. Fathi anakusalimu, anasema atakuja kukupokea uwanja wa ndege saa yoyote. Wabusu watoto, mpe pole wifi Nadra. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama, akukutanishe na mama yako akiwa anakutambua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Ilham

Mama mwenyewe amepita hapa akauliza naandika nini. Nimemwambia nakuandikia uje. Akasema, "Mwambie asichelewe," akaenda kulala mchana huu mweupe, yeye ambaye halali mchana.