Mimi Si Rika Lako

Zaituni, mtoto wa kaka yangu,

Umenitumia fomu ya maoni. Niweke nyota, moja hadi tano, kuonyesha nimeridhika kiasi gani na mafunzo ya hesabu mnayotupa kwenye simu, halafu chini kuna kisanduku kidogo cha kuandika neno moja au mawili. Maneno yangu hayaenei humo. Ndiyo maana nayaandika hapa kwenye kundi, wenzako na wanafunzi wako wote wayasome. Ulinicheka mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu.

Nianze na mazuri, usije ukasema shangazi hana shukrani. Baba yako aliponiambia kwamba wewe na wenzako wa chuo mmefungua kundi la kuwasaidia wanaorisiti mtihani wa kidato cha nne, nilijiunga siku hiyohiyo. Unajua kwa nini. Nimefundisha chekechea pale jirani na msikiti tangu ulipokuwa darasa la sita, na sasa wameamua kila anayefundisha awe na cheti. Chuo cha ualimu hakinipokei bila kufaulu hesabu. Nisipofaulu safari hii, watoto wale atapewa mtu mwingine, na mimi nitarudi kuuza mapeasi. Hilo ulilijua kabla ya mtu yeyote, maana wewe ndiye niliyekupigia simu kwanza nikilia.

Sheria ya kwanza ya kundi ilikuwa kwamba humu wote ni rika. Hakuna shikamoo, hakuna kaka wala dada, kila mtu aitwe kwa jina lake, ili watu wasione haya kuuliza. Nikasema sawa. Jioni nilikuwa napanda mpaka kwenye kona ya mikaratusi, maana nyumbani mtandao hauingii, nimejifunika khanga juu ya sweta. Watoto wanaotoka kukata majani ya ng'ombe wananipita, shikamoo mwalimu, marahaba, na huku kwenye simu wewe unaniambia, Mwanahawa, swali la nne umekosa. Mwanahawa! Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu pale njiani. Nikajiambia, haya, mtoto yuko kazini.

Nilikuwa nakukumbuka ulivyokuwa. Mama yako alipolazwa ukaletwa kwangu, hata moja mpaka kumi hujui. Tulikuwa tunashuka sokoni na kapu la mapeasi, na kabla wateja hawajaja nakupangia mafungu juu ya gunia. Ukitoa mawili, yamebaki mangapi? Wewe hesabu ulikuwa unazila. Nikigeuka kidogo tu, fungu limepungua na kidevu chako kinachuruzika maji. Nikikuuliza peasi limekwenda wapi, unasema limegawanywa. Nilipomsimulia baba yako alicheka mpaka akakaa chini.

Na darasa la nne unalikumbuka? Ulirudi nyumbani macho yamevimba. Ulimuuliza mwalimu sifuri ina kazi gani kama haina kitu, naye akakuigiza sauti mbele ya darasa, wote wakaangua kicheko. Ukaapa shule huendi tena. Asubuhi yake niliyaacha mapeasi yangu sokoni, nikakushika mkono, tukaenda mpaka ofisini. Mwalimu yule alikuwa mtu mzima, nikamwamkia kwanza kama inavyopasa, ndipo nikamwambia: "Mtoto akiuliza, mjibu. Kama hujui, sema hujui. Lakini usimcheke." Wewe ulikuwa nyuma yangu, umeishika khanga yangu kwa mikono miwili.

Sasa twende kwenye somo lako la sehemu. Ulitufundisha kugawanya sehemu kwa sehemu: igeuze ile ya pili, kisha zidisha. Nusu gawanya kwa robo, jibu mbili. Nikafanya, nikapata mbili. Lakini haikuniingia akilini. Nikarekodi sauti nikauliza, nikigawa kitu kinakuwaje kikubwa kuliko nilichokuwa nacho, na hii ya pili naigeuza kwa nini, imefanya nini? Nilipokwama kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kishambaa, kwa kuwa nilikuwa naongea na wewe, si na serikali. Ukanijibu kwamba kwenye mtihani hawaulizi kwa nini. Geuza, zidisha, songa mbele. Nikasonga mbele.

Siku chache baadaye niko sokoni Lushoto, kijana mmoja muuza karoti akaniita, "Mwalimu, naigeuza kwa nini?" na wenzake wakavunjika mbavu. Sikuelewa. Semeni, yule binti wa jirani anayerisiti pamoja nami, ndiye aliyenionyesha, tena kwa kusitasita. Kumbe sauti yangu umeichukua, umeikata, umeibandika kwenye ukurasa wako na vile vikatuni vinavyotoa machozi kwa kicheko. Umeandika kwamba haya ndiyo maswali anayokumbana nayo mwalimu wa mtandaoni kutoka kwa watu wa milimani. Na Kishambaa changu cha mwishoni umekirudiarudia, ili asiyecheka mara ya kwanza acheke ya pili.

Nilipokupigia ulisema, "Shangazi, ni utani tu, wala sikutaja jina." Utani kafanye na binamu zako. Mimi na wewe hatutaniani, na hilo hukuhitaji kufundishwa chuo. Halafu jina la nini? Kutoka huku kwetu mpaka Mombo, ni mzazi gani aliyeleta mtoto chekechea asiyeijua sauti yangu? Juzi kitoto kimoja, hata kufunga vifungo vya shati hakijui, kimepindua kikombe cha uji mezani kikaniambia, mwalimu, naigeuza kwa nini? Wenzake wote wakacheka, kama walivyowasikia wakubwa wao. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko mpaka nikatulia, ndipo nikarudi kufuta meza.

Ulipotaka kunifundisha nilikuwa rika. Ulipotaka kuchekesha watu nikawa mshamba wa milimani. Ulipobanwa nikawa shangazi. Chagua moja, Zaituni, maana mimi siwezi kuwa vyote kwa zamu ili wewe upate raha.

Sasa maoni yenyewe, kwa kuwa ndiyo mliyoomba. Tangu sauti ile itoke, hakuna anayeuliza swali kwenye kundi hili. Rudini juu mkaangalie wenyewe. Ukimaliza somo unaandika, tumeelewana? Basi vidole gumba vinamiminika, tumeelewa, tumeelewa, asante. Nasikia mnajisifu kwamba wanafunzi wenu wote wanaelewa. Hawaelewi, wanakuogopeni. Semeni anakuja jikoni kwangu na daftari lake, ananinong'oneza maswali anayoogopa kuyaleta kwenu, na mimi majibu sina. Tunainamia daftari, maharage yanaungua. Mtihani umefika mlangoni, na binti mwenye akili kama yule anaingia na vitu nusunusu, kwa kuogopa kugeuzwa kichekesho kwenye ukurasa wa mtu. Hasira yangu kubwa iko hapo. Mimi nimeshachekwa, ninakula, ninalala. Yeye ana maisha yake yote mbele.

Na msiniambie kwamba mtihani hauulizi kwa nini. Nitakaporudi darasani kwangu na cheti nitaulizwa kwa nini kutwa nzima, na watu wa miaka mitano, tena hao hawakubali kusonga mbele. Mtu aliyenifundisha kugeuza tu atanisaidia nini siku hiyo?

Nimekukasirikia sana, mwanangu. Sijawahi kumkasirikia mtu wa damu yangu hivi. Nikiiona picha yako kwenye simu naifunika na kiganja, kisha nafungua vidole kidogo niangalie kama umekonda. Hilo nalo linaniudhi. Nilitaka nikuchukie walau wiki moja nipumzike, nimeshindwa.

Nyota sitaweka. Ile sauti umeifuta, nimeona, lakini pale sokoni haijafutika, na kule chekechea bado inazunguka na vikombe vya uji. Hela ya vocha usinitumie, wala usimtume baba yako aje kunituliza. Swali langu liko palepale nilipoliacha. Nusu, nikiigawanya kwa robo, ile ya pili naigeuza kwa nini? Rekodi jibu kwa sauti yako. Liweke hapa kwenye kundi, Semeni alisikie, na uliweke kwenye ukurasa uleule, muuza karoti naye alisikie. Kama hujui, sema hujui, nitakungoja ukatafute.

Lakini kabla ya hesabu yoyote, anza na shikamoo.

Anayengoja kuitikia marahaba,
Shangazi yako