Damu Niliyoiandika Bila Kuiangalia

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumai sasa unapanda ngazi bila kumwegemea shemeji, maana najua anavyojidai akishikwa bega. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haitulii, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha uuguzi, nakueleza wewe kwanza.

Jumatatu wodi ya wazazi ilijaa hadi kwenye korido. Kitanda cha nne alilala binti aliyejifungua alfajiri, mtoto wake wa kwanza, na mama mkwe wake ameketi pembeni na furushi la vitambaa. Mama huyo aliniomba abaki. Alinieleza kuwa kwao mzazi hasemi habari za damu yake ila kwa mwanamke aliyekabidhiwa kumtunza, na aliyekabidhiwa ni yeye. Nikamjibu kwamba wodi ina wauguzi, tena ina saa za kutazama wagonjwa. Unanijua, ulimi hauna mfupa. Alikunja vitambaa vyake akatoka.

Saa nne nilipita kitanda hadi kitanda. Binti alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni. Nilimwuliza hali, akasema salama.

Saa saba mama mkwe aliporuhusiwa kuingia, alifunua shuka mara moja tu, kisha akanishika mkono bila kupaza sauti. Godoro lilikuwa limelowa. Tulimkimbiza binti chumba cha upasuaji. Yu hai, dada, lakini kizazi kimetolewa.

Sasa mama huyo anajilaumu mbele ya kila mtu, kwamba asingekubali kutoka haya yasingetokea. Mimi ananishukuru, eti nilikimbia kuliko wote. Muuguzi mkuu naye amenisifu kwa faili safi: saa nne, damu ya kawaida, tumbo limekaza vizuri.

Dada, sikumgusa. Sikufunua hata ncha ya shuka. Niliandika hayo nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda, macho yangu yako kitanda cha tano. Wewe ulinifundisha kwamba mzazi haulizwi tu, huangaliwa.

Kesho saa tatu nakwenda kumweleza muuguzi mkuu, na nimeomba mama huyo awepo, asije akazeeka na kosa langu. Huenda nikavuliwa sare. Naogopa sana.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Na ukinijibu, nakuomba usinitetee.

Mdogo wako,
Kasuku