Nyanya Amebebwa Kwenda Kuonyesha Kwamba Yuko Hai

Ijumaa jioni, mtaani kwetu Buterere. Mvua imepumzika, lakini maji bado yamesimama uani na vyura wanapiga kelele kama wenye nyumba.  

Leo nimezungumza mbele za watu. Mimi, ambaye mwalimu wa Kifaransa akiniita ubaoni, sauti yangu hubaki kwenye dawati.

Nyanya, mama yake baba, alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Ndiye aliyenifundisha kusoma, na pensheni yake ndiyo inayonilipia shule. Kila mwaka wastaafu wanatakiwa kwenda wenyewe kwenye ofisi ya pensheni, kule Kigobe, mtaa wa wakubwa, waonekane kwa macho kwamba wako hai. Mwaka jana siku hiyo ilimkuta hospitalini. Akaandikwa marehemu, na pensheni ikakatwa kwa miezi mingi. "Mi ni maiti yenye njaa," alikuwa akitutania. Tangu wakati huo miguu yake haimbebi tena.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuonekana.

Sababu ya kuhakikisha naielewa. Wapo watu wanaokula pensheni za wazazi waliokwisha kufa. Lakini mwanafunzi mwenzangu anaishi Kigobe, na babu yake alikuwa mkubwa serikalini. Kwao mtumishi wa ofisi huja mwenyewe, anakunywa soda sebuleni, anagonga muhuri, anaaga. Yule babu anatembea vizuri. Huenda kucheza tenisi.

Teksi ilikataa kuingia mtaani kwetu kwa sababu ya matope. Kwa hiyo Baba mudogo, mdogo wake baba, akaazima ingovyi kwa jirani. Ni kitanda cha kusukwa chenye mipini, ambacho watu wa milimani hubebea wagonjwa. Wanaume wanne wakambeba Nyanya mpaka kwenye lami, ambapo teksi ilikuwa inangoja. Nyanya akaiangalia, akavuta kitenge chake mpaka kifuani.

"Apana. Munibebe hivi hivi mupaka kule. Wanataka kuniona, basi waone vizuri."

"Mama, watu watacheka," Baba mudogo akamwambia.

"Waache wacheke. Nitacheka pamoja nao."

Kuna desturi niliyokuwa nikisimuliwa tu: ukikutana na ingovyi njiani, unaweka chini ulichobeba na kutoa bega lako. Nilidhani mji umeshaisahau. Lakini mwendesha baiskeli wa kwanza tuliyekutana naye aliiegemeza baiskeli yake kwenye ukuta, akapokea mpini bila kuuliza. Kisha mwingine. Mkongomani mmoja muuza viatu alinitwika mzigo wake kichwani, akaingia chini ya mpini wa nyuma.

"Nyanya, tunakupeleka hospitali gani?" akauliza.

"Mi ni mugonjwa wa ofisi."

Muuza viatu alicheka mpaka ingovyi ikayumba, lakini hakuuachia mpini mpaka getini.

Tulipofika tulikuwa kundi. Mlinzi akasimama katikati ya njia, akauliza kama haya ni maandamano. Hapa kwetu hilo si swali dogo: watu hufungwa kwa neno hilo.

"Mwanangu," Nyanya akasema, "mutu anaandamana amelala?"

Akatufungulia.

Mwenye muhuri alikuwa ghorofa ya pili. Ngazi ni nyembamba na zina kona. Ingovyi haikuweza kupinda. Karani wa chini akasema sheria ni apande, au arudi nyumbani. Baba mudogo akaanza kumbembeleza kwa ile sauti anayotumia kwa watu wenye mamlaka, mabega chini, akijisugua viganja. Sikuweza kumtazama. Nikapanda peke yangu.

Juu, wazee walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya korido, fimbo katikati ya magoti, wengine bado wanahema. Nikasimama kwenye mlango wa mwenye muhuri, uliokuwa wazi.

"Bwana mukubwa, nyanya yangu iko chini. Ngazi zimemukatalia. Tunaomba mushuke."

Hakuinua kichwa. "Mumubebe mugongoni, mutoto."

Nilipaswa kusema ndiyo. Ndilo neno ninalolijua kuliko yote.

"Apana," nikasema. "Alifundisha watoto wa nchi hii. Hatapandishwa kama gunia. Mushuke nyinyi."

 Nilifikiri nimeiua pensheni ya Nyanya kwa ulimi wangu. Kisha mzee mmoja akajisukuma juu kwa fimbo yake. "Hata mi nilipanda kwa maumivu," akasema. "Nashuka. Nitamungojea bwana mukubwa kule kwa mwalimu." Mwingine akamfuata, halafu mama mmoja mwenye miwani nene, halafu benchi zima. Niliwasikia wakishuka, fimbo zikigonga ngazi taratibu. Mkubwa akabaki na muhuri wake na korido tupu.

Akashuka.

Waliweka meza barazani. Aliwagongea wote muhuri pale pale, Nyanya kwanza.

"Sasa umeniona," Nyanya akamwambia. "Mwaka ujao ni zamu yako kutembea. Kuja Buterere."

Watu walicheka. Nyanya hakucheka.

Njiani kurudi, Baba mudogo alinilaumu. Anasema tumepata muhuri, tushukuru, na mwaka ujao tutafute teksi mapema. Huenda yuko sahihi. Asipokuja yule mkubwa, pensheni itakatwa tena, na shule yangu itaondoka nayo. Nimelifikiria hilo jioni nzima.

Lakini nashukuru nini? Kila mwezi aliofundisha, mshahara wake ulikatwa kwa ajili ya uzee huu. Jirani yako akikuachia mbegu zake umtunzie, humwambii apande ngazi akuonyeshe kwamba bado ana shamba. Unampelekea mbegu zake.

Naogopa? Ndiyo, sana. Hata hivyo mwaka ujao ingovyi itabaki kwa jirani. Tutapangusa kiti cha mgeni, tutaacha mlango wazi, na tutamngoja.