Vitenzi Arobaini na Kisima cha Mama

Jumatatu, 8 Septemba

Leo naanza, na nitaandika yote, hata yale ambayo Mama hapendi yasemwe. Madam wa Kiingereza hutupa vitenzi vitano kila siku, vile vya maneno mawili. Sharti lake moja: sentensi itoke nyumbani kwenu, si kitabuni. Leo "run out", kuishiwa. "Go down", kushuka. Niliandika kwamba tangi letu limeishiwa maji na Mama hushuka kisimani kila asubuhi. Nimepata vema zote. Sikufurahi.

Kisima chetu kiko mtoni, kwenye mchanga. Mto ni mkavu tangu Juni. Kila nyumba ina shimo lake, limezungushiwa miiba. Wiki iliyopita letu lilimfika Mama kiunoni. Sasa mabegani.

Jumanne, 9 Septemba

Malori ya mchanga yamerudi. Matatu. Yanapakia pale kwenye kona ya mto, upande wa juu wa shimo letu. Yakipita, mchanga wa ukingoni unatiririka kama unga kwenye chekeche. Nimeona mwenyewe.

Madam amesema atakayejua vitenzi arobaini bila kosa ataenda Nunguni Jumatatu, kwenye mashindano. Najua thelathini na moja. Nataka kwenda. Nataka sana.

Jumatano, 10 Septemba

Mama akiwa chini sioni tena kichwa chake. Naona mkono tu, na ndoo ndogo ikipanda. Nikawa narudia vitenzi kwa sauti ili ajue nipo. Akacheka huko chini, akauliza kama hicho Kiingereza kinajaza mtungi. Nikamwambia nishuke mimi, ni mwepesi. Akaacha kucheka.

"Mwaitu, wewe shika kalamu. Shimo ni langu."

Ananiita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake. Nyanya huyo alifunikwa na mchanga mtoni kabla sijazaliwa. Hilo ndilo Mama hapendi lisemwe. Nimeliandika.

Alhamisi, 11 Septemba

"Cave in". Kuporomokea ndani. Wenzangu waliandika juu ya vyoo na maghala. Mimi niliacha mstari mtupu. Madam aliponiuliza, nikasema sikielewi. Nilidanganya.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtihani asubuhi. Arobaini kwa arobaini. Nilikimbia njia yote hadi nyumbani kumwambia Mama.

Sikumkuta, nikashuka mtoni. Punda wetu alikuwa peke yake, mitungi mitupu mgongoni. Shimo letu halikuwepo. Wanawake walikuwa wamepiga magoti, wanafukua kwa sahani na mikono. Mama alikuwa amefunikwa hadi kifuani. Hai. Mguu umevunjika.

Hakulia. Aliniuliza nimepata ngapi.

Jumapili, 14 Septemba

Mama amelala. Mguu uko kwenye plasta. Watu wa kanisa walituombea, wakatuletea mitungi miwili ya maji. Imebaki nusu ya mmoja. Jana wanawake walituchimbia shimo jipya, hatua tano kutoka la zamani, mpaka maji yakaonekana. Kushuka ni kazi yetu wenyewe. Hapa mtu hashuki kwenye shimo la nyumba nyingine tangu Nyanya afe kwenye shimo la jirani. Na nyumbani kwetu tumebaki wawili, mmoja ana plasta.

Malori hayapumziki hata leo. Nayasikia nikiandika.

Basi la kwenda Nunguni litaondoka kesho saa moja asubuhi. Nimefua sare, imekauka. Nimeikunja juu ya kiti. Ndoo ndogo nimeiweka mlangoni.

Nimemwona Mama akiitazama ndoo, kisha akageukia ukutani.

Baba yuko Ikutha, anajenga nyumba ya watu. Nimemtumia ujumbe kwa simu ya Mama. Nimeuandika kwa Kiswahili, polepole, nisikosee:

"Baba, shikamoo. Shimo jipya limenizidi kimo. Nijibu leo. Utafika kesho kabla sijashuka?"